Dawati la malalamiko la mnada wa mtandaoni, likipimwa kutoka Dodoma

Mnada ninaouzungumzia uko ng'ambo na sitautaja jina, kwa sababu ninachokipima hapa ni dawati lake la malalamiko, na masharti ya dawati hilo yanafanana sana na ya masoko mengine ya aina yake. Nimenunua humo vifaa vya kamera mara tisa katika miaka minne, na mara nane za mwanzo sikuwahi hata kujua kwamba dawati hilo lipo. Mara ya tisa nililifahamu vizuri. Kesi yangu niliishinda ndani ya siku kumi na moja, kisha nikatumia wiki tisa kuufuatilia ushindi huo.

Nilikuwa natafuta lenzi ya milimita 85 kwa ajili ya mahafali na sherehe za kuwaaga mabinti, kazi ambazo ndizo zinazoilisha studio yangu ya Majengo kila mwisho wa mwaka. Mnada ulifungwa saa nne usiku kwa saa za Japani, yaani saa kumi jioni hapa kwetu, na dau langu la dola 186 halikupitwa. Usafirishaji ulikuwa dola 34. Jumla ikawa dola 220, takribani shilingi 550,000 kwa kiwango cha siku ile. Maelezo ya bidhaa, ambayo yalikuwa yametafsiriwa kwa mashine, yalisema kwamba kioo ni safi na hakina kasoro inayoathiri picha, na chini kabisa muuzaji aliongeza kwamba hapokei madai wala hakubali kurudishiwa mzigo.

Lenzi ilipofika niliwasha tochi ya simu nyuma yake, jambo ambalo kila fundi wa kamera atakushauri ulifanye kabla ya lingine lolote, nikaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Hiyo ni fangasi. Huota pale lenzi inapohifadhiwa muda mrefu mahali penye unyevunyevu na giza, na ukipiga picha kuelekea kwenye mwanga, bibi harusi anatoka kama amesimama kwenye moshi. Picha za tangazo zilikuwa zimepigwa kwa pembe ambayo kioo kiliakisi dirisha, kwa hiyo hakuna mnunuzi ambaye angeigundua fangasi ile.

Wanunuzi wengi ninaowafahamu huishia kwenye ile kauli ya muuzaji kwamba hapokei madai, wakidhani ni sheria. Si kweli. Katika masoko makubwa yenye dhamana kwa mnunuzi, kauli hiyo humlinda muuzaji dhidi ya mtu aliyebadili mawazo tu, wala haimlindi pale bidhaa inapotofautiana na maelezo yake mwenyewe. Kwenye eBay, kwa mfano, mnunuzi ana siku 30 tangu kupokea mzigo za kufungua madai ya namna hiyo hata kama muuzaji ameandika kwamba harudishiwi kitu. Muuzaji hupewa siku tatu za kazi kulitatua, na asipolitatua, mnunuzi anaweza kuiomba kampuni yenyewe iingilie kati. Mnada nilioutumia mimi una utaratibu unaokaribiana na huo, isipokuwa muda wake ni mfupi zaidi na unahesabiwa kwa saa za makao yake makuu. Siku ya mwisho kwao inaweza kumalizika ukiwa bado unakunywa chai ya jioni Dodoma.

Sasa niliseme dawati lenyewe, kwa sababu hapo ndipo wanapostahili sifa. Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa ya kurasa mbili, na ndani yake nilieleza harusi niliyokuwa nimeikubali, hasara niliyoipata na maoni yangu kuhusu uaminifu wa muuzaji. Nilijibiwa na ujumbe wa jumla ambao bila shaka haukuandikwa na binadamu. Nilipoandika upya niliweka vitu vinne tu: sentensi ya tangazo iliyosema kioo ni safi, picha ya kioo hicho kikimulikwa kwa nyuma, picha ya namba ya lenzi ikiwa sambamba na ile ya kwenye tangazo ili wasiseme nimebadilisha, na picha mbili za mti mmoja wa ubuyu zilizopigwa dakika moja kwa lenzi ile na kwa lenzi yangu ya zamani. Siku ya pili alinijibu mtu mwenye kichwa chake, akauliza swali moja la maana: je, lenzi ilikuwa imefunguliwa na fundi baada ya kunifikia? Nikamjibu kwamba haikufunguliwa, na nikamtumia picha za skrubu ambazo hazina mkwaruzo. Hukumu ikatoka upande wangu.

Kabla ya hukumu, muuzaji alinipa pendekezo la kunirudishia dola 60 nami nibaki na lenzi, endapo ningeyafunga madai na kutomwekea alama mbaya ya tathmini. Ombi hilo la alama si dogo. Biashara ya kununua kwa mtu usiyemwona imesimama juu ya alama hizo tangu miaka ya mwanzo ya eBay, iliyoanza mwaka 1995, na wauzaji huziogopa zaidi kuliko dawati lenyewe. Ndiyo maana mwaka 2008 eBay ilisitisha haki ya wauzaji kuwawekea wanunuzi alama mbaya, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wakinyamaza kwa hofu ya kulipiziwa. Mimi nilikataa zile dola 60. Niliona kwamba haki yangu ni kamili na sina sababu ya kuikata vipande. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwani hesabu iliniumbua.

Hukumu ilinitaka niirudishe lenzi ndani ya siku kumi za kazi kwa njia yenye namba ya ufuatiliaji. Mnunuzi wa nchi jirani na muuzaji hupewa karatasi ya usafirishaji iliyokwisha kulipiwa, anaichapisha na kuibandika kwenye boksi. Nilipobonyeza mahali pa kuipata karatasi hiyo, Tanzania haikuwamo kwenye orodha ya nchi. Dawati likanielekeza nilipie mwenyewe kisha niwatumie risiti, na ndipo nilipoambiwa kwamba kiwango cha juu wanachofidia ni dola 30.

Kutuma kwa EMS, huduma ya Posta ya vifurushi vya haraka, kulinigharimu shilingi 205,000, karibu nusu ya bei ya lenzi. Nashukuru kwamba pale Posta nilimkuta mama mmoja mzoefu wa dirisha la vifurushi. Nilimwamkia, nikamweleza kisa, naye akanirudishia fomu ya forodha niliyokuwa nimeijaza. "Mwanangu, ukiandika hivi tu, huyo mwenzako atadaiwa ushuru kwao halafu aukatae mzigo. Andika kwamba bidhaa inarudishwa kwa muuzaji." Dawati halikunitajia jambo hilo hata kwa neno moja, ilhali mzigo uliokataliwa na mpokeaji ungenivuruga kabisa. Namba ya ufuatiliaji ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo. Yangu iliishia na TZ, na fomu ya dawati ilikuwa ikiikataa hadi nilipoiandika bila nafasi katikati. Kwa jambo dogo kama hilo nilipoteza siku mbili.

Muuzaji aliupokea mzigo, na dawati likaamuru fedha zirudishwe kwenye kadi niliyolipia. Hapa nina lawama mbili, moja yangu na moja yao. Nilikuwa nimelipa kwa kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma ya fedha ya simu, na kwa uoga wa wizi nilikuwa nimeifuta mara tu mnada ulipokwisha. Fedha zikatumwa kwenye kadi isiyokuwapo. Ofisi ya kampuni ya simu iliniambia, "Kaka, hiyo kadi haionekani kwenye mfumo," na dawati la mnada nalo likasisitiza kwamba kwa upande wao malipo yamekamilika na kesi imefungwa. Nilizunguka baina ya wawili hao kwa wiki tano. Kilichozikwamua fedha hizo ni namba ya kumbukumbu ya muamala wa marejesho, ambayo niliiomba kwa dawati mara tatu kabla ya kuipewa. Kwa namba hiyo kampuni ya simu iliziona fedha zikiwa zimeshikiliwa, ikaziingiza kwenye akaunti yangu siku iliyofuata. Dawati linalojua kwamba fedha zimerudi kwenye kadi iliyofutwa linapaswa kutoa namba hiyo lenyewe, bila kusubiri kuombwa.

Nilipokea shilingi 604,000, zikiwa ni zile dola 220 pamoja na dola 30 za fidia ya usafirishaji, zikiwa zimepunguzwa na kiwango cha kubadilishia fedha. Nilikuwa nimetoa shilingi 755,000, bila kuhesabu kodi niliyolipa forodhani, ambayo haikuwa sehemu ya madai. Kwa hiyo ushindi kamili ulinitoa shilingi 151,000 na sikubaki na lenzi. Lile pendekezo la dola 60 lingeniachia lenzi yenye fangasi kwa takribani shilingi 400,000, na fundi angeweza kujaribu kuisafisha. Sisemi kwamba ningelikubali. Nasema tu kwamba siku ile sikupiga hesabu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja kwa mtoaji wa kadi kuupinga muamala. Njia hiyo ipo. Kwa kadi za Visa na Mastercard muda wa kupinga kwa kawaida ni siku 120, na PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, hutoa siku 180 tangu siku ya malipo za kufungua mgogoro, kisha siku 20 za kuupandisha kuwa dai rasmi, la sivyo unafungwa. Lakini masoko mengi hufunga kesi ya dawati lao pindi unapofungua nyingine benki, na nilihofia kuachia mlango uliokwisha kufunguka. Tena kadi za mtandaoni za simu zina watumishi wachache wanaoujua utaratibu wa kupinga muamala. Wa kwanza niliyemuuliza alidhani nataka kurejeshewa salio lililotumwa kimakosa. Mwenye akaunti benki ana nafasi nzuri zaidi, na benki ikimzungusha anaweza kulalamika Benki Kuu, ambayo ina kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha.

Kuna kundi la kesi ambalo dawati hili haliligusi kabisa, nalo ni malipo yaliyofanyika nje ya mnada. Kijana ninayefanya naye kazi alishindwa mnada kwa tofauti ndogo ya dau, na kesho yake akapata barua pepe ikidai kwamba mshindi amejitoa na kwamba anaweza kuchukua kamera ileile kwa kutuma fedha kwenye akaunti ya benki. Ofa za mshindi wa pili huwapo kweli, ila za kweli huonekana ndani ya akaunti yako ya mnada. Ile haikuwamo. Angelipa, dawati lisingekuwa na la kumwambia.

Kwa wenye madai ya mzigo ambao haujafika, sina uzoefu wangu binafsi, isipokuwa nimeona kwamba anwani ina uzito mkubwa. Kampuni nyingi za usafirishaji hazipeleki mzigo kwenye sanduku la posta, na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mimi huandika mtaa, namba ya nyumba na postikodi yangu inayoanza na 41, pamoja na namba ya simu.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za hukumu, ambayo ilikuwa ya haraka na iliyosoma ushahidi kwa makini, na moja ni ya yule aliyeuliza kuhusu skrubu. Ya nne ningeitoa endapo kiwango cha dola 30 kingeandikwa kwenye ukurasa wa kuwekea dau, mahali ambapo mtu wa Dodoma angekiona kabla hajabonyeza.