Tosamaganga: mlipeni mwenyeji, gari la mjini achaneni nalo

Kina mama wenzangu wa kanisani hapa Mbeya wanataka tuchangishane twende Iringa kuona misheni ya Kikatoliki ya Tosamaganga. Swali lililozua ubishi baada ya ibada ni kama kuna haja ya kulipa mtu wa kututembeza, maana kanisa liko wazi na kuingia ni bure. Mimi nimekwenda na kampuni, nimekwenda pia na mwenyeji. Nasema lipeni, ila angalieni mnamlipa nani.

Nianze na kampuni. Walinitoza shilingi elfu themanini, wakanichukua nilipofikia na kunirudisha kabla ya chakula cha mchana. Gari safi, dereva mstaarabu, maji ya kunywa yapo. Tatizo lilikuwa kijana wa maelezo. Nilimuuliza imekuwaje misheni iliyoanzwa na Wajerumani ikawa ya Wataliano, akanijibu, "Wote Wazungu tu, mama." Kisha tukaingia kanisani, kina mama wachache wamepiga magoti wanasali rozari, naye akaendelea kuhutubia kwa sauti ileile ya kwenye gari. Iliniuma sana. Mimi ni Mmoraviani, rozari sikulelewa nayo, lakini mtu anayeongea na Mungu namtambua, na nilitamani kumshika yule kijana mkono nimtoe nje.

Na swali langu lilikuwa na jibu. Walioanza kazi pale ni watawa Wabenediktini wa Ujerumani, miaka ya 1890. Ujerumani iliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wake waliondolewa, na mwaka 1919 wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Shirika hilo lilianzishwa Torino mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Anayelipwa kueleza Tosamaganga asipoyajua hayo, anauza usafiri tu.

Mara nyingine nilipitia ofisi ya parokia, wakaniunganisha na katekista mstaafu. Mzee alinipokea kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, akauliza habari za nyumbani na za safari mpaka zikaisha, halafu badala ya kunipeleka mlangoni akanipeleka ukingoni mwa kilima. Akanyoosha fimbo upande wa Kalenga. Kule ndiko ilikokuwa ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyewapinga Wajerumani, na wenyeji wanasimulia kwamba mizinga ya Wajerumani iliifyatulia kutoka kilima hikihiki. Ngome ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akaponyoka, akaendelea kupigana hadi 1898 alipojiua ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na sasa liko kwenye makumbusho ya Kalenga.

"Sasa fikiri, mama," mzee akasema. "Mlio wa mzinga ulitoka huku, na miaka michache baadaye mlio wa kengele ukatoka hukuhuku. Bibi yangu aliitika. Babu yangu alikataa mpaka anakufa."

Yule kijana alitaja Kalenga na kanisa kama vituo viwili vya safari. Kwa mzee huyu ni jambo moja, limepita katikati ya nyumba yao. Nilikaa na maneno yake muda mrefu kabla ya kuingia ndani.

Ndani mzee alishusha sauti hadi mnong'ono. Alinionyesha taa ndogo inayowaka karibu na tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, na kunieleza kwa nini Mkatoliki akipita pale anapiga goti. Kisha akanisogeza dirishani, akasema weka mkono. Niliulaza kwenye kizingiti, kiganja hadi kiwiko, na ukuta ukazidi. Matofali matupu, akasema, uzito wote unabebwa na unene. Baridi ya Iringa mwezi wa saba ilikuwa nje inavuma, pale ndani hata mshumaa hautikisiki.

Hata Zanzibar, kwenye kanisa la Anglikana la Mkunazini, ni mwongozaji aliyenifungua macho. Kuna nguzo pale zimesimama kichwa chini miguu juu, kwa sababu mafundi waliziweka Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, akiwa hayupo. Altare iko mahali walipochapiwa watumwa viboko, na kuna msalaba uliochongwa kutoka mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Ukiwa peke yako unaona nguzo, altare na msalaba, unapiga picha, unaondoka.

Anayekwenda kusali tu hahitaji mtu. Aende Jumapili, akae na waumini, aimbe. Lakini kundi letu linakwenda kujifunza, na ninasema hivi nikiwa na Rungwe moyoni. Wamoraviani walifika kule mwaka 1891, wageni wanapanda mpaka misheni, wanazunguka jengo, wanashuka kula ndizi Tukuyu. Wazee wetu wenye habari hizo wanazidi kupungua. Napenda tukirudi kutoka Iringa tumwombe mchungaji atafute wawili watatu wa kupokea wageni, na walipwe vizuri.

Kuhusu safari yenyewe: basi litatushusha stendi ya Igumbilo, tukodi Noah pale; Tosamaganga ni kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini. Tupige simu parokia mapema, kwa sababu siku ya msiba au harusi hatutapata mtu. Kila mmoja abebe kitenge. Sadaka iende kwenye sanduku, ya katekista apewe mkononi, tusichanganye. Na tuanzie makumbusho ya Kalenga asubuhi, ndipo tupande kilimani.