Mbwa anajikuna: dawa za aleji za kununua, kuanzia ya kwanza hadi ya kuachwa dukani

Ukiingia kwenye duka la dawa ukasema mbwa wako anajikuna hadi manyoya yanatoka, kuna uwezekano mkubwa utapewa Piriton. Ni rahisi, kila mtu anaijua, na si chaguo baya. Ila kwangu mimi si namba moja, na kabla hatujafika kwenye namba kuna pesa nyingine inayotakiwa kutoka mfukoni kwanza.

Kwa mtu anayepiga chafya kwa vumbi, histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho na chafya, ndiyo mchokozi mkubwa, kwa hiyo dawa inayoizuia humpa nafuu upesi. Ngozi ya mbwa ni habari nyingine. Mwasho wake unachochewa zaidi na kemikali nyingine za mwili, hasa interleukini-31, ambayo dawa hizi haziigusi kabisa. Ndiyo maana ni mbwa wachache wanaopata nafuu ya maana, na ngozi ikishavimba na kuwa nyekundu, kidonge cha aleji peke yake hakiitulizi. Kazi yake nzuri ni kwa mbwa mwenye mwasho wa wastani, anayelamba nyayo na kujikuna makwapa au masikio, na anayepewa dawa kila siku bila kuruka.

Pesa ya kwanza basi iende kwa viroboto. Pwani na hata bara kwetu hawana msimu wa kupumzika, na mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto akiumwa mara chache tu anaweza kujikuna kwa siku kadhaa. Pima hivi: chukua kitana chenye meno yaliyokaribiana, mchane mgongo wa chini karibu na mkia, kisha kung'uta kinachotoka juu ya karatasi nyeupe ya chooni uliyoilowesha. Vichembe vyeusi vikianza kuyeyuka na kuacha madoa mekundu ya rangi ya kutu, hiyo ni damu ya mbwa wako iliyopitia tumboni mwa kiroboto. Hapo usinunue kidonge cha aleji kwanza. Nenda duka la pembejeo za mifugo au kwa daktari wa mifugo utafute dawa ya viroboto. Vidonge vya kutafuna kama NexGard hulinda mwezi mmoja, Bravecto takriban wiki 12. Bei yake inauma, lakini vinafanya kazi. Kama mbwa amewahi kupata kifafa, mwambie daktari kabla hajampa.

Angalia na upele. Shika ncha ya sikio lake, likunje, usugue ukingo kwa vidole. Mguu wa nyuma ukianza kurukaruka wenyewe, mshuku sana utitiri wa upele, hasa kama na watu wa nyumbani wameanza kuwashwa. Huo hauponi kwa dawa yoyote nitakayoitaja hapa chini.

Sasa namba zenyewe.

Ya kwanza ni setirizini, vidonge vya miligramu 10, paketi imeandikwa Cetirizine na hakuna jina lingine la dawa pembeni. Imejaribiwa kwa mbwa wenye mzio wa ngozi ikawasaidia baadhi yao, haileti usingizi sana, ni ya bei nafuu na inapatikana karibu kila duka. Kipimo kinachotumiwa sana na madaktari wa mifugo ni miligramu 1 kwa kila kilo ya mbwa, mara moja kwa siku. Mbwa wa kilo 10 ni kidonge kimoja, wa kilo 5 nusu, wa kilo 20 viwili. Mbwa mkubwa zaidi ya hapo, au mwenye figo mbovu, mpigie daktari kwanza. Kwangu hii imewaacha wenzake mbali, na kama huna muda wa kusoma zaidi, nunua hii.

Ya pili ndiyo Piriton, yaani klofeniramini, vidonge vya miligramu 4. Kipimo ni kama miligramu 0.4 kwa kilo, asubuhi na jioni, kwa hiyo mbwa wa kilo 10 anapata kidonge kimoja kila mara. Inamlegeza mbwa, na kwa yule anayejikuna usiku kucha hiyo ni faida: yeye analala, nanyi mnalala. Ubaya wake ni uchungu. Ukikikata kidonge na ulimi ukakigusa, mbwa atatoka povu jingi na kutema kila kitu, na siku inayofuata atakukimbia. Kifiche kizima ndani ya tonge la ugali lenye mchuzi wa nyama, na umpe kwanza tonge tupu ili asishuku.

Haidroksizini ningeiweka ya tatu. Ni dawa nzuri, lakini mwili wa mbwa huigeuza kuwa setirizini, kwa hiyo sioni sababu ya kuhangaika nayo kama daktari hakuiandika yeye mwenyewe. Loratadini inafuata. Haisumbui kwa usingizi, ila ushahidi wa kusaidia ngozi ya mbwa ni mdogo. Ijaribu tu kama setirizini haikufaa.

Difenihidramini, ile ya Benadryl, naiweka ya mwisho kwa mwasho wa kila siku. Inadumu saa chache, inalevya usingizi, na katika maduka yetu mara nyingi inakuja kama dawa ya maji ya kikohozi iliyochanganywa na vitu vingine. Hapa nakusihi uwe mkali. Usimpe mbwa dawa ya maji isiyo na sukari: nyingine zimetiwa utamu wa zailitoli, ambao hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na unaweza kumuua. Vidonge vya mafua vya mchanganyiko pia viache dukani. Mara nyingi humo mna pseudoefedrini ya kuzibua pua, ambayo ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo, na parasetamoli, ambayo huharibu ini. Jina la setirizini au loratadini likifuatwa na herufi D, pseudoefedrini imo humo. Mwambie muuzaji wazi: "Dada, nataka setirizini tupu, isiyochanganywa na dawa yoyote." Kisha geuza paketi usome mwenyewe kabla hujalipa.

Kwa dawa yoyote utakayochagua, uliza daktari kwanza kama mbwa ana mimba, ana kifafa, ana presha ya jicho, anakojoa kwa shida, au tayari anatumia dawa nyingine. Nunua vidonge vya wiki mbili tu, usinunue boksi zima. Mpe kila siku kwa wakati uleule, na usibadilishe chakula wala sabuni katika siku hizo, la sivyo hutajua kilichosaidia. Wiki mbili zikiisha bila mabadiliko, jaribu dawa nyingine moja kwenye orodha. Nayo ikishindwa, acha kutumia pesa dukani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, ambaye ana prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa siku chache, ana oklasitinibu, dawa ya kuzuia mwasho inayouzwa kama Apoquel, na anaweza kukupangia majaribio ya chakula ya wiki 8 kujua kama shida ni kuku au nyama ya ng'ombe unayompa.

Akiumwa na nyuki na uso ukavimba, kipimo cha setirizini au Piriton kinaweza kupunguza uvimbe. Lakini akitapika, fizi zikapauka, akaanguka au akahema kwa shida, usihangaike na kidonge. Anahitaji sindano ya adrenalini, kwa hiyo mpakie kwenye gari au bodaboda mara moja, na mpigie daktari mkiwa njiani.