Sarafina! Nakuru: Ijumaa au Jumapili?

Mchezo wa nyimbo kama Sarafina! ukirudishwa jukwaani kwa wikendi moja tu, ubishi Nakuru huwa mmoja: twende Ijumaa ya ufunguzi au Jumapili ya kufungia?

Ijumaa ina moto wake. Ukumbi hujaa wale wanaozijua nyimbo tangu filamu ya 1992, aliyoigiza Leleti Khumalo, ambaye ndiye aliyekuwa Sarafina, mhusika mkuu, jukwaani tangu mchezo ulipoanza Johannesburg mwaka 1987. Hao hawangoji kualikwa. Kwaya ikianza tu, wanaitikia, wengine wamesimama kabisa. Lakini maikrofoni hukoroma, taa huchelewa, na waigizaji bado wana woga.

Jumapili sauti zimekaa sawa, miguu inatua pamoja, na ikifika sehemu ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, yale ya 1976, hata wanaotafuna njugu huacha. Ila tiketi zimeadimika, na mtu wa Molo anawaza matatu ya kurudi. Makofi ya mwisho yanapigwa akiwa kituoni tayari.

Mimi nachukua Jumapili, hasa kukiwa na onyesho la mchana. Anayetaka kuimba na umati, Ijumaa ni yake.