Nimemtafuta babu wa Ireland nikiwa hapa hapa Mtwara, hizi tovuti za bure nazipa nyota tano

Wadau habari zenu. Naandika hii maana nilipoanza nilitafuta Mswahili mwenzangu aliyewahi kutumia hizi tovuti nikakosa kabisa, na huku kusini najua zipo familia zina mzee wa kizungu kwenye ukoo na hakuna anayejua alitokea wapi. Wa kwetu alikuja na mpango wa karanga, ule wa Waingereza wa 1947, walifyeka mapori Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakatandika reli toka Mkwaya kule Lindi mpaka Nachingwea, na hii bandari yetu ya Mtwara chanzo chake ni humo humo, halafu 1951 wakaufuta wakaondoka. Babu alikuwa fundi injini kwenye reli. Mama kazaliwa 1951, mwaka uliofuata babu akapanda meli, ndo basi.

Bibi yangu marehemu, Mmwera wa Nachingwea, alikuwa na neno moja halimtoki mdomoni, "yule msimwite Mwingereza, alikuwa hataki." Na anasema usiku akisali alikuwa anasali kwa lugha ambayo si Kiingereza wala si ile ya padri. Sisi wajukuu tulisikiliza tu tukaacha.

Karatasi tulikuwa nazo mbili. Cheti cha ubatizo cha mama chenye jina la baba yake, na bahasha tupu, barua yenyewe haipo, nyuma kuna jina la sehemu halafu Co. Mayo. Miaka yote nyumbani tulijua ile Co. ni kampuni, kumbe ni kaunti! Na lile jina la sehemu ni kile wanachoita townland, we chukulia kama kitongoji, Ireland nzima wanavyo zaidi ya 60,000 kwahiyo ukiwa na jina la kitongoji mkononi umepata nusu ya kazi. Kama kwenu kuna barua za zamani angalieni bahasha kabla ya kitu chochote.

Sasa tovuti. Niliyoipenda kuliko zote ni ya sensa ya National Archives of Ireland, bure kabisa. Wana sensa ya 1901 na ya 1911 zote, unaandika jina, kaunti na umri inakuletea picha ya fomu yenyewe iliyojazwa kwa mkono. Mimi jina halikutokea siku tatu. Ukoo wetu unaanza na ile O na koma ya juu, nikaweka, nikatoa, nikaandika kwa kuunganisha, wapi. Usiku wa nne nikaacha jina nikaingilia kitongoji, nyumba moja moja, ziko 11 tu, nyumba ya 7 nikamkuta. Aliyenakili kwenye kompyuta alisoma herufi vibaya. Kwahiyo jina likigoma pitia kitongoji, usikate tamaa mapema.

Fomu ni ya usiku wa tarehe 2 Aprili 1911. Babu ana miaka 2, mtoto wa mwisho kwenye orodha. Baba yake mkulima, dini Roman Catholic. Kuna safu mbili mama mwenye nyumba anaulizwa watoto wangapi amezaa wakiwa hai na wangapi wapo mpaka leo, pale pameandikwa 9, pembeni yake 6. Nilikaa na hizo namba mbili muda mrefu sana. Halafu safu ya lugha, wazazi wote wawili wameandikiwa Irish and English. Yaani bibi alikuwa sahihi miaka yote hiyo, mzee alikuwa na lugha ya kwao na alikuwa anasali nayo Nachingwea!

Ipo na fomu nyingine ya nyumba, watu wengi wanaipita, msiipite. Inasema ukuta ni wa nini, paa la nini, vyumba vingapi, madirisha ya mbele mangapi. Ya kwao ukuta wa mawe, paa la nyasi, vyumba viwili, madirisha mawili, na ndani watu wanane. Mama aliposikia paa la nyasi akasema kumbe ndo maana hakuona shida kulala kwa mama yangu.

Ukitaka kwenda nyuma ya 1901 ndo ugumu unaanza. Ofisi ya nyaraka Dublin iliungua Juni 1922 kwenye vita, sensa nyingi za zamani zikaenda na moto, na za 1881 na 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu kabla. Msilaumu tovuti kwa hilo.

Ya pili ni IrishGenealogy, ya serikali yao, nayo bure. Vizazi kuanzia 1864, ila ni vile vilivyopita miaka 100, ndoa miaka 75, vifo miaka 50. Unaandika jina lako, unaweka tiki, picha ya rejista inafunguka. Babu kazaliwa Februari 1909, na aliyekwenda kuandikisha ni mama yake, hakujua kuandika, kaweka alama ya X na karani kaandika jina pembeni. Ni kama dole gumba la bibi kwenye kitabu cha korosho cha chama cha msingi. Hapo nililia, sifichi.

Kwenye kulipia niliumia. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza 1890 hadi 1960 ziko kwenye tovuti za kulipia, nikaingia moja, jina naliacha, nikajaribu zile siku za bure kwa kadi ya simu, nikasahau kusitisha wakakata hela ya miezi mingi na kurudishiwa nimezungushwa mpaka leo. Babu nilimpata, 1949, miaka 40, fundi, anakokwenda Tanganyika. Ila jamani mkiingia sitisheni siku hiyo hiyo.

Mapungufu mengine, kila kitu Kiingereza, na zile picha zinakula bando, mimi nilikuwa nafungua usiku. Kuprinti nilienda steshenari karibu na soko kuu, kijana alikuza ile safu ya 9 na 6 mpaka ikasomeka bila miwani, namshukuru sana.

Wanaoniuliza habari ya pasipoti, ni kweli mjukuu wa mtu aliyezaliwa Ireland anaweza kuomba uraia wao, ila mimi sikuanza kwa ajili hiyo.

Mama amezitundika sebuleni fomu zote mbili. Jana kaniambia nitoe kopi nyingine, ifanyiwe lamineshi, anataka ipelekwe Nachingwea kwa mjomba, na ile ya madirisha isisahaulike.