Kibao cha duka la vitabu chenye urefu wa sentimita tano: uzoefu wangu na seti ya kadi na rangi

Jana usiku nimemaliza kibao cha sita, ndiyo maana leo naandika. Viwili vya kwanza viliharibika, na kama ningeandika siku ile ningeisema vibaya seti hii kuliko inavyostahili.

Ni seti ya kutengenezea vibao vya nyumba ya wanasesere. Ndani nilikuta kadi kumi nyeupe za gramu 300 kwa mita ya mraba, vichupa vitano vya rangi ya akriliki, brashi mbili, kisu chembamba chenye nyembe tatu za akiba, na karatasi yenye mifano ya herufi. Nilihitaji kibao kimoja tu, cha kuning'iniza juu ya mlango wa duka la vitabu kwenye ghorofa ya chini ya nyumba ninayomjengea mpwa wangu. Nyumba yetu ni ya kipimo cha 1:12, na wajenzi wengi wa nyumba hizi wanakitumia. Hata nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyojengwa kati ya 1921 na 1924 na ambayo sasa iko Windsor Castle, Uingereza, ni ya kipimo hichohicho. Hesabu yake haisumbui: kitu halisi unakigawa kwa 12. Kibao cha sentimita 60 kwa 24 kinakuwa milimita 50 kwa 20, na herufi ya sentimita 12 inakuwa ya sentimita moja.

Kadi ndiyo iliyonifanya niipende seti hii. Ni nzito kuliko manila tuliyoizoea, uso wake ni laini, na ukipitisha brashi yenye maji haioti manyoya. Kwa wembe mpya ukingo unatoka safi kabisa, mradi usiwe na haraka. Mimi napitisha kisu mara tatu au nne kwa mkono mwepesi, nikikiegemeza kwenye rula ya chuma. Nilipojaribu kukandamiza ili nikate mara moja, wembe uliteleza na pembe ikachanika.

Sasa nieleze vilivyoharibika. Maelekezo yanasema upake rangi upande wa mbele, usubiri dakika 15, kisha uandike. Nikafuata neno kwa neno. Baada ya robo saa kibao kilikuwa kimejikunja kama jani kavu. Nikakiweka chini ya vitabu kikanyooka, nikapaka mkono wa pili, kikajikunja tena. Cha pili vivyo hivyo. Kosa halikuwa la kadi. Karatasi hunywa maji ya rangi na nyuzi zake zinavimba. Rangi inapokauka inasinyaa na kuuvuta upande uliopakwa, na upande wa nyuma, usio na rangi, hauna cha kushindana nao. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili, mkono kwa mkono. Tangu nianze kufanya hivyo sijapata kibao kilichojikunja. Sentensi moja tu kwenye maelekezo ingeniokolea jioni mbili, na hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa waliotengeneza seti.

Na kwa kuwa tumefika kwenye nyuzi: karatasi ina mwelekeo. Ipinde taratibu kwa viganja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, bila kuivunja. Mkunjo unaokuja kwa wepesi ndio unaofuata nyuzi. Kata kibao ili urefu wake ufuate mwelekeo huo. Hata kikitaka kujikunja kidogo, kitajikunja kwenye ule upana wa milimita 20, na jicho halitaona.

Jambo lililobadilisha kazi yangu zaidi ya yote, hata hivyo, ni unene, nalo halimo kabisa kwenye maelekezo. Kibao changu cha tatu kilikuwa kimenyooka, rangi nzuri, herufi zinasomeka, lakini nilipokipandisha mlangoni kilionekana karatasi. Nilikitazama siku nzima kabla sijaelewa. Kadi moja ina unene wa karibu theluthi ya milimita. Ukizidisha kwa 12 unapata ubao wa milimita nne tu, na hakuna fundi anayetundika ubao mwembamba hivyo nje ya duka. Ubao wa sentimita mbili, kwa kipimo chetu, unatakiwa uwe kama milimita 1.7. Nikakata vipande vitano vya ukubwa mmoja, nikavibandika kwa gundi nyeupe iliyopakwa kidogo sana, nikavilaza usiku kucha chini ya vitabu vizito vikiwa katikati ya karatasi za nta. Asubuhi nilishika kipande kigumu kinacholia tik kikigonga meza. Nilifurahi mno.

Ukingo ndio unaotoa siri. Matabaka yanaonekana kama kurasa za kitabu, na karatasi iliyokatwa hunywa rangi upesi kuliko uso wake. Sugua kwa msasa laini, mimi nilitumia namba 400, kisha pitisha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, iache ikauke, sugua tena, ndipo upake rangi. Hatua hii inachosha, lakini usiiruke.

Rangi zenyewe ni za viwango tofauti. Kahawia ni nzuri sana, mikono miwili inatosha. Nyeupe ni nyepesi mno, ilinichukua mikono minne na bado kahawia ilikuwa inachungulia, kwa hiyo kwa herufi nimehamia kwenye nyeupe yangu mwenyewe. Jua pia kwamba akriliki ikikauka inakolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, basi changanya rangi iliyo nyepesi kuliko unayoitaka. Kwa sura ya mbao nilichukua kahawia iliyotiwa nyeupe, nikaifuta brashi kwenye kitambaa mpaka ikabaki karibu kavu, nikaivuta kwa urefu wa kibao bila kurudi nyuma. Mistari inajitokeza yenyewe, mingine inakatika njiani, kama kwenye ubao halisi.

Brashi sizisifu. Ile kubwa inafaa kwa rangi ya chini, ndogo ilipasuka nywele siku ya pili. Herufi nimeziandika kwa brashi yangu ya namba 000, na pembe nimezinyoosha kwa kijiti cha meno nilichokichonga kwa msasa.

Neno langu ni VITABU. Nilipaka penseli nyuma ya karatasi ya mifano, nikaiweka juu ya kibao, nikafuatisha herufi kwa penseli ngumu na alama zikahamia. Mifano ya seti ina nafasi sawa kati ya kila herufi, na hapo usiiamini rula, liamini jicho. T ni tupu chini na A ni tupu juu, kwa hiyo zikiachiwa nafasi sawa na nyingine zinaonekana kama zimegombana, na neno linakatika kuwa VIT na ABU. Nilizisogeza karibu kwa kama nusu milimita, neno likaungana. B ilinipa taabu nyingine, kwani matumbo yake mawili ni madogo kiasi kwamba tone moja la nyeupe linayaziba. Niliacha yazibe. Rangi ilipokauka nikarudisha kahawia ndani kwa ncha ya kijiti, nukta mbili, na B ikasimama vizuri kuliko herufi zote.

Vanishi haimo kwenye seti. Tumia isiyong'aa. Nilijaribu inayong'aa kwenye kibao cha nne na mwanga wa taa ulikifanya kionekane plastiki, michirizi yote ya mbao ikapotea.

Je, nitanunua tena? Kwa ajili ya kadi na kisu, ndiyo, bila kusita. Kama una brashi nzuri na nyeupe nzito nyumbani, hutakosa kitu. Kama huna chochote na unataka kumpa mtoto akae nayo peke yake jioni moja, tafuta nyingine. Huyu atakutana na kadi iliyojikunja kabla hajaandika herufi ya kwanza, na nyembe zile ni kali kweli.

Kibao cha sita kinaning'inia kwa waya mwembamba wa shaba niliouchomoa kwenye kebo ya zamani. Matundu yake nilitoboa kwa sindano kabla ya kupaka rangi, kwa sababu ukitoboa baadaye rangi inabanduka kuzunguka tundu. Mpwa wangu aliinama mbele ya mlango, akalisoma neno silabi kwa silabi, kisha akachungulia ndani na kuuliza, "Mbona hakuna vitabu?" Zimebaki kadi nne. Leo nimeanza kukata majalada.