Pasi ya tamasha la filamu mtandaoni: wamenikatia filamu mwishoni halafu wananiambia nimeshaona "sehemu kubwa"

"Umeshaangalia sehemu kubwa ya filamu." Hilo ndilo jibu nililopewa na huduma kwa wateja ya jukwaa moja linaloonyesha filamu za matamasha mtandaoni, na kila nikilikumbuka damu inanichemka upya. Sehemu kubwa! Yaani nimelipia, nimekaa nikawafuata wale wazee wawili wa My Favourite Cake tangu mwanzo, nimeshawapenda kabisa, halafu filamu inakatwa ikiwa imebaki kidogo tu iishe na mtu ananiambia niridhike na sehemu kubwa. Hivi kuna mtu analipia sehemu kubwa ya filamu?

Ngoja nianze vizuri, maana nikiendelea hivi mtadhani nimekuja kutukana tu.

Mimi matamasha ya filamu nayafuatilia mwaka mzima. Januari naanza na Sundance kule Marekani, Februari Berlin, Mei Cannes, mwisho wa Agosti Venice, Septemba Toronto, na hapo katikati nasoma kila kinachoandikwa na wale waliobahatika kukaa ukumbini. Na si kila filamu naitaka, ninachotafuta mimi ni zile sinema za mapenzi zinazochekesha huku zinauma, unacheka, unacheka, halafu ghafla unajikuta umenyamaza na koo limekukaba. Majaji wa matamasha makubwa mara nyingi hizi wanazipita tu, wanaona mapenzi na kicheko ni mambo mepesi. Ndiyo maana Cannes ya 2023 walipompa dairekta wa Finland, Aki Kaurismäki, Tuzo ya Majaji kwa filamu yake Fallen Leaves nilifurahi sana, na mwaka uliofuata Palme d'Or yenyewe, tuzo kuu ya Cannes, ikaenda kwa Anora ya Sean Baker, nikasema haya sasa, wameanza kutuelewa. Na Anora haikuishia hapo, Machi 2025 ikabeba Oscar tano ikiwemo ya filamu bora.

Sasa wengi wetu kwenye hizo kumbi hatufiki. Tunasubiri. Filamu inaonyeshwa tamashani, watu wanasimama kuipigia makofi, wewe unaona picha tu, halafu inapotea miezi mpaka mwenye haki za filamu aiuze nchi moja moja, na nchi nyingine hainunuliwi kabisa. Kipindi kile cha korona ndipo mlango ukafunguka, matamasha mengi yakahamia mtandaoni, Sundance ya 2021 karibu yote ilikuwa ya kuangalia nyumbani. Baadaye wengi wakarudi ukumbini lakini baadhi wakaacha kadirisha ka mtandaoni, na hako kadirisha ndiko ninakoishi mimi. Unanunua pasi au tiketi ya filamu moja, ukibonyeza pleyi saa zinaanza kuhesabika, wengi wanatoa saa 48, zikiisha filamu inafungwa. Sina ugomvi na utaratibu huo na naujua unatoka wapi: tamasha halimiliki filamu, linapewa ruhusa ya muda mfupi, nchi fulani tu, tiketi idadi fulani tu, kwa sababu wauzaji wanaogopa filamu isije ikavuja kabla hawajaiuza. Sawa. Naelewa. Ila kuelewa utaratibu ni kitu kimoja na kufanyiwa nilichofanyiwa ni kitu kingine.

Filamu yenyewe ni My Favourite Cake, ya Iran, ya Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha, iliyokuwa kwenye shindano la Berlin 2024. Ina mama wa miaka 70 anaitwa Mahin, mjane, yuko peke yake Tehran, binti yake yuko nje ya nchi. Siku moja anaamua basi, upweke umetosha, anaenda kula kwenye mgahawa wa wastaafu, anamwona dereva teksi wa umri wake, Faramarz, naye yuko peke yake, anamfuata mpaka kijiweni kwake na kumwambia nipeleke nyumbani. Na akifika anamkaribisha ndani. Ni hivyo tu, usiku mmoja, wazee wawili, mvinyo uliofichwa, kucheza muziki sebuleni na jirani mbea anayekuja kugonga kuuliza hiyo sauti ya mwanamume ni ya nani. Nilicheka sana pale. Yule mama, Lili Farhadpour, anaigiza kwa macho tu, ule wasiwasi wa mtu ambaye hajatazamwa na mwanamume miaka na miaka, anapaka rangi kidogo usoni huku anaogopa kuonekana amejipamba. Sijaona stelingi wa miaka 20 akiifanya kazi ile.

Tatizo lilianza mapema. Nilipobonyeza pleyi mara ya kwanza filamu haikucheza, ikaja skrini nyeusi na maneno kwamba filamu hii haipatikani eneo lako, wakati kwenye kununua tiketi walishaniuliza eneo langu na wakachukua hela bila wasiwasi wowote. Nikaandika, wakakaa kimya mpaka kesho yake jioni, kisha wakasema tatizo limetatuliwa, jaribu tena. Hawakusema saa zilikuwa zinaendelea kuhesabika muda wote huo. Kwa hiyo nusu nzima ya muda wangu waliila wao kwa hitilafu yao, na ile iliyobaki ndiyo nikawa naangalia usiku nikiwa nimetulia kabisa, simu nimezima, taa nimezima.

Na ikakatika. Wale wazee wako ndani, furaha imejaa, Mahin ana keki yake, na mimi nimesogea mbele ya skrini nikitabasamu peke yangu. Ghafla picha ikaganda kwenye uso wa yule mama, akiwa ameanza kusema kitu, mdomo uko nusu wazi, maandishi ya chini yamefika nusu ya sentensi. Kikaja kiboksi cha kijivu juu ya uso wake: muda wako wa kuangalia umekwisha, asante kwa kusherehekea sinema pamoja nasi. Asante kwa kusherehekea!

Nikafungua chati. Nikaeleza kwa adabu, naapa, kwa adabu. Anayejibu akaniambia muda umeisha. Nikamwambia muda mliula ninyi, ujumbe wenu wa hitilafu huu hapa, nikamtumia na picha ya skrini. Akarudi na ile sentensi: mfumo unaonyesha umeshaangalia sehemu kubwa ya filamu, hivyo tiketi inahesabiwa imetumika. Nikamwambia sitaki hata kurudishiwa hela, nifungulie tu dakika zilizobaki nimalize. Unajua alinijibu nini? Kwamba kama nataka kujua hadithi, muhtasari upo kwenye ukurasa wa filamu. Muhtasari! Kisha akafunga mazungumzo na papo hapo kikaja kidirisha kinaniuliza nimeridhika kiasi gani na huduma niliyopata leo.

Nilikaa nikitazama kile kidirisha mpaka skrini ikajizima.

Jamani, mtu wa tamasha la filamu, anayekula kwa ajili ya filamu, anakuambia ukasome muhtasari. Hapo ndipo nilipogundua hawa hawajui wanauza nini. Kwenye aina hii ya sinema mwisho ndio filamu. Zile za kawaida za mapenzi unajua tangu treila kwamba watapatana, ukikosa mwisho hukukosa kitu, lakini hizi za matamasha dakika za mwisho ndizo zinaamua ulichokuwa unaangalia kilikuwa kicheko au kilio. Chukua Anora. Zaidi ya saa mbili unacheka, watu wanakimbizana, wanagombana, vurugu tupu, halafu inakuja ile ya mwisho ndani ya gari, nje theluji, hakuna muziki wowote, wipa tu zinakwenda na kurudi, na majina yanaanza kupita bado unasikia wipa. Mtu aliyekatiwa kabla ya gari lile ameangalia filamu nyingine kabisa. Au Fallen Leaves, dakika 81 tu, fupi, wapenzi wenyewe hawaongei, na yule dada anapomwalika jamaa chakula inabidi kwanza akanunue sahani ya pili maana nyumbani kwake kuna moja. Sahani moja! Kaurismäki hakuhitaji mtu yeyote aseme neno upweke. Sasa sahani ile inakuja kulipwa mwishoni, na ukimkatia mtu hapo umemwachia sahani bila mgeni. Kwa hiyo ukiniambia nimeona sehemu kubwa hujanifariji, umenitukana mimi na umemtukana aliyetengeneza.

Na waliotengeneza My Favourite Cake si watu wa kutukanwa. Moghaddam na Sanaeeha walinyang'anywa paspoti kwao Iran, hawakuruhusiwa kwenda Berlin kuonyesha filamu yao wenyewe, kwenye mkutano na waandishi viti vyao vilikuwa vitupu. Kosa ni nini? Wamemwonyesha mwanamke akiwa nyumbani kwake bila kujifunika kichwa, anakunywa, anacheza, anafurahi, kama maisha yalivyo. Mwaka 2025 wakahukumiwa kifungo, kikaahirishwa. Watu wamebeba mzigo wote huo ili dakika zile zinifikie, zimevuka mipaka yote, zimefika mpaka kwenye skrini yangu, na aliyekuja kuzizuia ni kiboksi cha kijivu.

Nikisema ukweli wote lakini, jukwaa lenyewe si baya. Hapa najikaza. Picha ilikuwa safi hata mtandao ulipoyumba, sauti nzuri, na maandishi ya chini yalikuwa bora kuliko ya majukwaa makubwa yanayotoza kila mwezi, aliyetafsiri alijua kuchekesha, utani wa wale kina mama kwenye karamu yao ya mwanzoni ulifika wote, na kutafsiri utani si kazi ndogo. Kwa pasi hiyohiyo niliona filamu nyingine ndogo ambazo sidhani nitakutana nazo tena popote, na mahojiano na madairekta ambayo mtu anauliza swali la maana na dairekta anajibu kwa utulivu bila kukatizwa na matangazo. Ungeniuliza kabla ya usiku ule ningekuambia nunua na umwambie na rafiki. Hata wiki moja baadaye, hasira zilipopoa, nilikuwa nimeandika rasimu ya haya maoni na nimewapa nyota tatu, nikajiambia labda yule wa kwenye chati alikuwa amechoka, tamasha lina watazamaji wengi, watu wa huduma ni wachache, na bila majukwaa haya mimi Berlin naijua kwa picha za zulia jekundu tu.

Halafu nikaja kuipata filamu sehemu nyingine, ilipotoka rasmi. Nikaiangalia yote tangu mwanzo. Sitasema kinachotokea kwa sababu kuna watu hawajaiona, nitasema tu kwamba wiki zote zile nilikuwa natembea na filamu ya furaha kichwani, nimewasifia watu kwamba kuna sinema tamu ya wazee wawili inakufanya utabasamu, nimemwambia hadi mama mmoja mtu mzima, mjane, kwamba mama itafute hii itakuchangamsha. Kumbe dakika zile walizonikatia zinageuza kila kitu kilichotangulia. Kila kicheko. Ile keki yenyewe inakuwa kitu kingine. Nililia, na katikati ya kulia nikakumbuka muhtasari upo kwenye ukurasa wa filamu, nikaenda kuutafuta nione kama kweli ungenisaidia. Una mistari michache, unaishia pale bibi anapomkaribisha mzee ndani.

Rasimu ya nyota tatu nikaifuta usiku uleule.

Wanachotakiwa kufanya si kigumu, nimetumia majukwaa mengine ya matamasha na wao wameweza: kama mtu ameshaanza kuangalia kabla muda haujaisha, mwache amalize alichoanza, mlango ufungwe akishatoka. Na kama hitilafu ni yenu, muda aliopoteza mrudishieni bila kuombwa. Wauzaji wa filamu hawatakufa kwa dakika ishirini. Kwa atakayenunua pasi yao hata hivyo, maana najua ratiba yao inavutia na mimi mwenyewe bado naifungua kuangalia, piga picha ya skrini kila kitu kinapogoma, usibonyeze pleyi mpaka uwe na uhakika una usiku mzima mbele yako, na ukiletewa ule ujumbe wa kwamba filamu haipatikani eneo lako usikubali kujibiwa "tatizo limetatuliwa" kabla hawajakuambia saa zako zimebaki ngapi, kwa maandishi.

Hela hawajarudisha na ujumbe wangu wa mwisho haujajibiwa. Nimewapa nyota moja, na hiyo moja ichukuliwe ni ya aliyetafsiri maandishi ya chini, jina lake lazima lilikuwa kule mwishoni ambako sikufika.