Toroli ya Ujenzi: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Lita moja ya zege bichi ina uzito wa takriban kilo 2.4. Toroli nyingi za ujenzi huchukua lita 65, kwa hiyo ikijazwa zege hadi ukingoni, saidia fundi anasukuma zaidi ya kilo 150 kutwa nzima, juu ya mbao, mashimo na mchanga laini. Wanunuzi wengi hugonga beseni, wakisikia chuma kinaitika wanalipa. Lakini mzigo ule unaishia kwenye ekseli, beringi, tairi na miguu, na huko ndiko toroli hufia. Ukifika dukani, ipindue kwanza.

Ninayoiweka namba moja ni ya kiwandani yenye beseni la bati moja lililokandamizwa bila kiungo, unene usiopungua milimita 1.2, yaani geji 18. Fremu iwe bomba moja lililokunjwa kuanzia mkono wa kushoto, likazunguka mbele ya gurudumu, likarudi hadi mkono wa kulia. Lile pinde la mbele ndilo linaloegemea ardhini unapomwaga, na bomba lisilokatwa halina weldi ya kuachia. Tairi liwe la upepo, saizi 4.00-8 au 3.50-8, kwa sababu tyubu zake hazisumbui kupatikana. Shika tairi ulitikise kulia na kushoto, likicheza, iache. Uliza pia kama ndani kuna beringi za gololi au bushi ya plastiki tu. Bushi ya plastiki haifai kwa zege, hata muuzaji aape.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote: omba mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 uwekwe ndani, kisha nyanyua mikono. Beseni likiwa karibu na gurudumu, sehemu kubwa ya uzito inakaa mbele. Likiwa limerudishwa nyuma, utausikia mgongoni papo hapo, na kijana wako atausikia mpaka jioni.

Namba mbili ni ya mafundi wa jua kali, kama zile za Kamukunji, Nairobi. Ukiagiza, taja geji 16 kwa beseni (namba ikishuka, bati ni nene zaidi), na usimame pale wanapochomelea ekseli. Ni nzito hata ikiwa tupu, na gurudumu lake huenda likakaa upande lisipopimwa vizuri. Ila mguu ukivunjika, mchomeleaji yeyote ataurudishia. Kwa mkandarasi anayejenga mbali na mji, mimi ningeipandisha hii iwe ya kwanza.

Ya beseni la plastiki naiweka ya tatu. Haishiki kutu, na zege lililokauka hubanduka bila kupigwa nyundo, jambo ambalo kwa mtu wa Tanga au Mombasa, penye hewa ya chumvi, lina thamani kweli. Shida ni mawe ya msingi: yakitupwa ndani, beseni hupasuka, na ufa huo hauchomelewi kama wa chuma. Itumie kwa mchanga, udongo na zege.

Zile za bati jembamba unaloweza kulibonyeza kwa dole gumba ni za bustani. Zenye gurudumu la chuma tupu sizipendekezi kabisa: huzama mchangani, na mtikisiko wake hufanya kokoto zishuke chini na maji yapande juu, zege likafika kwenye nguzo limeshatengana.

Kuna jambo jingine zito zaidi ya uimara. Kwenye saiti zetu toroli ndiyo kipimo. Mfuko wa kilo 50 wa saruji una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo mchanganyiko wa 1:2:4 unataka lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Kwa toroli ya lita 65, ni moja na kidogo ya mchanga na mbili na kidogo ya kokoto. Sasa fundi aliyezoea hesabu hiyo akipewa toroli ya lita 90, akaendelea kuhesabu vilevile, saruji inapungua kwenye nguzo za nyumba yako bila mtu kuiba hata kiganja kimoja. Lebo nyingine huandika ujazo wa mlima, yaani mzigo ukiwa umerundikwa kupita ukingo, siyo wa ukingoni. Pima mwenyewe kwa ndoo ya lita 20: toroli ya lita 65 hujaa kwa ndoo tatu na robo. Ukinunua zaidi ya moja, ziwe na ujazo uleule.

Ikishafika saiti, kaza nati zote kwa spana, na uzirudie baada ya wiki ya kwanza, maana hulegea kwa mtikisiko. Beseni lioshwe kabla zege halijakauka. Na nunua tyubu ya akiba siku hiyohiyo.